Nilichoufundisha Ubongo wa Mama Yako

Mwanangu Maimuna,

Salamu zangu utazipokea kwa mdomo kesho asubuhi, kwa hiyo sitazipotezea karatasi. Umetoka na shangazi yako kwenda Biashara Street kutafuta leso za kwenda nazo chuoni Eldoret, nami namjua dada yangu: hanunui leso mpaka duka zima lifunuliwe mbele yake. Alasiri hii yote ni yangu, na barua hii utaikuta usiku juu ya kitanda chako. Mama yako ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, ananitazama ninavyoandika.

Sitakuandikia habari za baridi ya huko, wala chakula, wala watu wa kujihadhari nao. Una miaka ishirini na mitatu, na hayo unayajua kuliko mimi, ambaye sikuwahi kuishi nje ya kisiwa hiki isipokuwa miaka miwili ya chuo cha ualimu. Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumanne, ulipokuwa ukimpangusa mama yako mdomo. Uliniuliza, "Baba, zile siku za mwanzo, hospitali walisema nini hasa?" Nikakujibu kwamba walisema ni kudra ya Mwenyezi Mungu na hakuna la kufanya. Ukaendelea kumpangusa.

Nilikudanganya. Wala si Jumanne tu. Nimekudanganya kwa miaka sita. Nilitaka kukuambia usoni, nikashindwa mara tatu. Darasani nilisimama miaka thelathini na moja bila kushindwa kusema neno, na mbele yako nimeshindwa.

Wewe ulikuwa kidato cha nne huko Malindi kiharusi kilipompata mama yako. Alikuwa Kibokoni, amealikwa kumchora bibi harusi maua meusi ya piko mikononi. Wanawake waliokuwapo walinieleza kwamba kalamu ilimponyoka, akaitazama pale sakafuni kama anayeshangaa ni ya nani, kisha akaegemea upande. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamekwenda. Daktari alinionyesha picha ya ubongo wake, akaweka kidole mahali peusi upande wa kushoto. Alisema sehemu hiyo imekosa damu na imekufa, na kilichokufa ndani ya ubongo hakifufuki. Hayo nilikuambia, nayo ni kweli. Nusu ya pili ya maneno yake ndiyo niliyoificha.

Alisema kwamba sehemu zilizo hai zinaweza kujifunza kazi ya ile iliyokufa, na kwamba miezi ya mwanzo ndiyo ya kuikimbilia. Akatupatia mtaalamu wa mazoezi wa kuja nyumbani, kijana wa Kigiriama aitwaye Kazungu, aliyekuwa akikaa Changamwe na kuvuka barabara ya Makupa, inayoingia kisiwani, kila asubuhi kuja kwetu. Hukumwona. Utafahamu kwa nini.

Siku ya kwanza alinikalisha barazani akanieleza kwa lugha ambayo hata mtoto angeielewa. "Mwalimu, Makupa ikifungwa leo, watu wa Changamwe watalala mjini? Hawalali. Mmoja atatafuta pa kuzungukia, mwingine atamfuata, na wa tatu, mpaka ule mzunguko uwe njia. Ubongo ndivyo ulivyo. Lakini haujifunzi kwa kuelezwa. Wajifunza kwa kutumwa."

Nikamwuliza, "Na usipotumwa?"

Akacheka. "Usipotumwa, Mwalimu, utajifunza kukaa."

Nilidhani ni mzaha wa kijana.

Katika wiki ya pili mama yako alianza kujilisha mwenyewe. Nilikuwa nimemwekea tende kwenye kisahani, nikageuka kuchukua maji, na nilipomrudia nikamkuta ameshika tende kwa mkono wa kushoto, anaipeleka mdomoni. Nilimshika kifundo cha mkono. Sikumkaripia, nilimshika tu, nikaitoa ile tende vidoleni mwake, nikamlisha kwa mkono wangu wa kulia. Nilijua wazi kwamba mgonjwa ana ruhusa yake. Maalimu wa mtaa wetu alinikumbusha hilo bila hata kumwuliza. Hilo halikuwa suala la dini, mwanangu. Niliona haya. Sikutaka mtu aingie nyumbani mwangu amkute mke wa mwalimu anakula kwa mkono wa kushoto.

Kazungu alipopata habari hakubishana nami. Alisema, "Basi, kama hutaki ale kwa wa kushoto, na tuufunge, ule wa kulia ufanye kazi. Ndivyo nilivyotaka tangu hapo." Akamvisha mkono ule mzima soksi nene, akaufunga kwa kitambaa kwenye mkono wa kiti, akaweka tende mbele ya mkono mgonjwa. Mama yako alitoka jasho. Mkono ulitambaa juu ya meza kama kitu kisicho na macho. Kazungu alikuwa akimtania: "Bi mkubwa, tende yakukimbia hiyo! Ikamate, wewe ndiwe uliyewakamata maharusi wa Mombasa nzima." Na mama yako akacheka, Maimuna. Kwa upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka. Siku ya nne vidole viwili viliigusa tende na kuisogeza. Niliviona kwa macho yangu.

Siku ya tano shangazi yako alikuja na wanawake sita wa ukoo kumtazama mgonjwa. Unaijua desturi yetu: mgonjwa huandaliwa, huvishwa, hutiwa udi, na watu huketi kumzunguka. Waliingia bila mimi kuwasikia. Wakamkuta mama yako amefungwa kitini, nywele zimemtoka ndani ya mtandio, mate yanamtiririka, anapigana na tende.

"Yarabi!" shangazi yako akapiga kelele. "Mwamfanyani huyu? Kaka, mwamfunga mtu mzima kama mbuzi wa kafara?"

Kazungu akajaribu kueleza. "Mama, ni dawa hii."

"Dawa gani ya kumtesa? Kwenu Kaloleni, Ugiriamani, ndivyo mnavyowauguza mama zenu?"

Wote walinitazama mimi. Hapo ndipo ningesema maneno manne: ni agizo la daktari. Badala yake nilifungua kile kitambaa kwa mikono yangu. Mama yako alikuwa akilia, nami nikajiambia kwamba analia kwa uchungu wa kufungwa. Leo sina hakika. Huenda alilia kwa sababu walimkuta vile. Huenda alilia kwa sababu nilimfungua.

Nikampeleka Kazungu mlangoni, nikamwambia asirudi. Hakukasirika. Alisimama kwenye ngazi akafunga viatu vyake polepole, kisha akasema, "Mwalimu, kila siku utakayomlisha, ubongo wake utajua kazi hiyo imepata mtu. Hautaisumbukia tena." Nikamwambia hawezi kunifundisha kumtunza mke wangu. Akasema, "La, Mwalimu. Kumtunza wajua." Akaenda zake.

Basi nikamtunza. Nilimlisha mwenyewe, tonge kwa tonge. Nilimwosha, nilimvisha, nilimchana. Na maneno niliyafanya vivyo hivyo. Alipoanza kutafuta neno, midomo ikihangaika, nilimtajia. Alipolitoa vibaya, nilimsahihisha, maana ndiyo kazi niliyoizoea maishani mwangu. Wageni walipomwuliza hali, nilijibu mimi: anasema hajambo, anasema nisalimieni watu, anasema karibuni tena. Baada ya miezi michache hakuhangaisha tena midomo. Alinigeukia tu, akangoja nimsemee.

Nami nilisifiwa. Sharti nikuambie hilo, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa nilivyoweza kuendelea. Wanaume wa barazani walisema mume kama mimi hapatikani tena. Shangazi yako aliwatangazia watu arusini kwamba kaka yake amegeuka mama. Nilirudi nyumbani na sifa hizo nikamlisha mama yako kwa bidii zaidi. Hakuna mtu aliyenishuku, na mimi mwenyewe sikujishuku. Kama kuna neno moja ninalotaka uende nalo Eldoret, basi ni hili: katika maisha yangu sikuwahi kufanya kosa kubwa nikiwa natukanwa. Makosa yangu yote makubwa niliyafanya nikiwa nasifiwa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo huenda umelisahau. Ulirudi likizo baada ya mtihani wako. Siku ya tatu nilipanda kutoka msikitini nikasikia sauti jikoni. Ulikuwa umeketi chini mbele ya mama yako, umemshika mikono yote miwili, mnaimba ule wimbo wa kumbembeleza mtoto aliokuimbia ulipokuwa mchanga. Naye alikuwa akiimba. Maneno yalimtoka mazima, moja baada ya jingine, kama yalivyomtoka ya Alhamdu katika sala tangu siku ya kwanza, ingawa hakuweza kuomba hata maji. Kisha ukabadilisha maneno, ukaweka maji ndani ya ule wimbo. Nipe maji, mama, nipe maji. Naye akakufuata. Alisema maji, Maimuna. Aliliimba, lakini alilisema, huku akikuonyesha mtungi.

Kazungu alikuwa amenieleza kitu kama hicho hicho. Alisema nyimbo na dua hukaa pengine ndani ya ubongo, na huenda neno lililofungiwa mlango wa mbele likatokea huko. Wewe hukuwa umefundishwa na mtu. Uliona mlango ukausukuma.

Nikasema nini? Nikasema, "Usimchezee mama yako. Si mtoto mchanga huyu." Mama yako akanyamaza. Nawe ukaona haya, ukainuka, ukamletea maji, ukamnywesha. Tangu siku hiyo ulimfanyia yote kama nilivyofanya mimi, kwa mapenzi na heshima, na sikuwahi kukusikia ukiimba tena ndani ya nyumba hii.

Mwaka uliofuata uliitwa chuoni ukakataa kwenda. Ulisema mama hana kupona, na baba amezeeka, utabaki. Ulikuwa umejenga uamuzi wako juu ya uongo wangu, nami nikakuacha ubaki, maana ulinipunguzia kazi. Ukafundisha chekechea mtaani Kuze kila asubuhi na kurudi adhuhuri kumwosha mama yako. Miaka mitano. Siwezi kukurudishia hata siku moja yake.

Nilifumbuka macho mwaka jana, katika benchi la hospitali nilikokwenda kuchukua dawa za presha. Mzee mmoja aliketi karibu nami, kikombe cha kahawa mkononi. Mkono wa kulia. Ulikuwa unatetemeka, na kahawa ilikuwa nusu tu, lakini kikombe kilifika mdomoni.

"Mwalimu," akaniambia, kwa ulimi mzito, "wewe hunijui. Ulimchapa mdogo wangu darasa la sita."

"Huenda alistahiki."

"Alistahiki sana! Tena ulimhurumia tu." Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akaniambia alikuwa mpakuzi wa mizigo gatini Mbaraki, na kwamba kiharusi kilimwangusha hapo hapo kazini. Upande wa kulia, na maneno yote. Nilipomwuliza lini, akataja mwaka ule ule wa mama yako.

Nikamwuliza alitibiwa na nani.

"Na mke wangu. Auza mahamri, yule. Alfajiri aniwekea chai na mahamri mezani, kisha aenda zake. Mimi namlilia kwa macho, njoo unilishe. Aniambia, 'Mkono unao, mdomo unao, vikutanishe.' Wallahi nilimchukia! Mwaka mzima nilikula kilichobaki kifuani."

Alisema kwa kujivunia. Mimi niliinuka nikaacha dawa zangu dirishani.

Najua kwamba viharusi havifanani, na huenda cha mama yako kilikuwa kizito zaidi. Nimejaribu kujificha nyuma ya jambo hilo, nikaona halinifichi. Mke wa yule mzee hakuwa na nafasi ya kumlisha, na kukosa nafasi kwake kulimpa mumewe mkono. Mimi nilikuwa na nafasi yote.

Nilimtafuta Kazungu. Siku hizi yuko Kilifi, ana mke na watoto wawili. Nilimwambia kwa simu kwamba nilikosea, na neno hilo lilinichukua muda kulitoa. Alinijibu, "Nitakuja, Mwalimu. Lakini sitakudanganya, tumechelewa." Alikuja kwa siku kumi na mbili, asubuhi, wewe ukiwa kazini. Nilikuomba usiache chekechea siku zile, ukadhani najali ajira yako. Sikutaka uyaone, na nilijua mama yako hataweza kukuambia. Hata ububu niliousababisha kwa mikono yangu niliutumia.

Mkono ulikuwa umejikunja kama unavyouona sasa, vidole vimeingia kiganjani. Kazungu aliunyoosha kwa mafuta, akauweka mbele ya tende, akaufunga ule mzima kama zamani. Alimtania kama zamani. Mama yako hakucheka. Hakulia pia. Aliitazama ile tende, kisha akanigeukia mimi, akafungua mdomo, akangoja.

Siku zote kumi na mbili alifanya hivyo hivyo. Siku ya mwisho Kazungu alifungasha vitu vyake, akaketi barazani pale pale alipoketi siku ya kwanza. Nikamwuliza kama ubongo wake umeshindwa kujifunza. Akasema, "Haukushindwa, Mwalimu. Ulijifunza vizuri sana."

Basi hilo ndilo ninaloishi nalo. Watu husema ubongo wa binadamu ni wa ajabu, kwamba ukipasuka hujishona, ukizibwa huzunguka. Ni kweli, nami nimeiona ajabu hiyo ndani ya nyumba yangu. Muda wote ule ulikuwa hai, unasikiliza, unatafuta uagizwe nini. Mimi ndiye niliyeuagiza. Niliufundisha kwamba mkono si kitu, na maneno si kitu, madhali mimi nipo. Nao ukanitii kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha.

Daktari anayemwona sasa anasema hata sasa mtu asikate tamaa kabisa, kwamba kidogo chaweza kupatikana hata baada ya miaka. Nakuandikia neno lake kwa sababu nimekuahidi ukweli, si kwa sababu nalitegemea. Kila siku baada ya kuondoka kwako nitaufunga ule mkono mzima kwa muda wa saa moja, nami nitakaa nyuma yake ambako hawezi kuniona. Siamini kwamba ule mgonjwa utasogea. Nitafanya tu.

Wewe usirudi kwa ajili ya haya. Nakuona utakavyoisoma tena barua hii kwenye gari, na nakuona utakavyotaka kushuka Voi. Usishuke. Ulichomfanyia mama yako ulifundishwa na mimi. Fungu lako la dhambi hii halipo, nimelitafuta sana sikuliona. Wala sikuombi msamaha. Nikikuomba utanipa, maana ndivyo nilivyokulea, kutoa kabla hujafikiri.

Mwenye kunisamehe ni mama yako. Mwezi uliopita nilipiga magoti mbele ya kiti chake, na kwa magoti yangu haya si jambo dogo, nikamweleza yote tangu ile tende ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya." Neno hilo ndilo lililombakia, na ndilo analonijibu nikimwuliza kama ale wali au kama nifunge dirisha. Sikujua nimepewa nini. Nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu siku hiyo, na sitajua.

Kesho atataka kukuaga. Ataona masanduku, atafahamu. Akili yake haikupotea hata siku moja, na hilo ndilo zito kuliko yote. Nimemwambia mwenye tuktuk aje saa mbili na nusu, si saa mbili kama ulivyopanga. Nusu saa hiyo ni yenu. Uketi naye, umshike mikono yote miwili, na kama unaukumbuka ule wimbo, uanze. Usimtajie neno. Usimpanguse. Hata akihangaika ukaona uchungu, umwache ahangaike. Shangazi yako akitia maneno, nitamtoa nje mimi mwenyewe.

Sidhani kwamba atasema kitu. Nadhani atageuka kunitafuta, afungue mdomo, angoje nimwambie mwanawe kwaheri kwa niaba yake. Nitakuwa nimesimama karibu na mlango, nikitazama sakafu. Wewe mtazame yeye, Maimuna, umngoje, mpaka tuktuk ipige honi mara ya tatu.

Ni mimi, niliyekusemea nawe mara nyingi mno,
Baba yako